Makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji: maswali ambayo watu wanauliza sana

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Brussels, na kila ndugu au rafiki akija huku lazima stori ya Tervuren itoke. Kuna wanaotaka kwenda, kuna wanaosema hawataki hata kuisikia, na kuna walioona picha tu kwenye simu wanauliza vile vitu ni vya nani na vimefikaje huko. Nimeyaweka maswali pamoja hapa, mengine majibu yake ni marefu sababu hayajibiki kwa sentensi moja.

Ni makumbusho gani hasa, na iko wapi?

Jina rasmi ni Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, ila siku hizi wenyewe wanaiita AfricaMuseum. Iko Tervuren, mji mdogo nje kidogo ya Brussels. Unapanda metro mpaka Montgomery, pale unachukua tremu namba 44 unakaa mpaka mwisho wa reli, njiani mnapita msituni kabisa. Ukishuka unatembea kidogo unakuta jumba kubwa la mawe na bustani yenye mabwawa. Aliyelichora ni Charles Girault, Mfaransa yuleyule wa Petit Palais ya Paris.

Nani aliijenga na hela zilitoka wapi?

Mfalme Leopold II. Na hapa watu wengi wanachanganya, Kongo mwanzoni haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa mali yake yeye binafsi kuanzia 1885 mpaka 1908, na hakuikanyaga hata siku moja. Hela zilikuwa za mpira na pembe za ndovu, na watu walilazimishwa kuleta mpira kwa mtutu wa bunduki, kijiji kisichofikisha kiwango kinachomwa, wake za watu wanashikwa mateka mpaka waume warudi na mpira. Kelele zilipozidi duniani ndo serikali ya Ubelgiji ikaichukua nchi 1908. Jumba lenyewe lilifunguliwa 1910, yeye alishakufa Desemba 1909, akalifungua Albert I, mtoto wa mdogo wake. Ila Leopold alihakikisha hasahauliki, angalia kuta na dari utaona herufi L mbili zimegeuziana mgongo, ziko kila kona.

Ni kweli kuna watu waliletwa kuonyeshwa kama wanyama?

Ndiyo, na naomba usiende pale bila kulijua hili. Mwaka 1897 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa Brussels, na sehemu ya Kongo ikawekwa Tervuren. Wakaletwa Wakongomani 267, wanaume, wanawake na watoto, wakajengewa vijiji vya maonyesho bustanini, mchana wakae pale wapike, wasuke, wapige makasia kwenye bwawa, na watu zaidi ya milioni moja wakapita kuwatazama. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi na mvua, watu wakaugua, saba wakafa.

Majina yao yapo, ni Ekia, Gemba, Kitoukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako nje ya kanisa la pale mjini Tervuren, mwendo wa miguu tu kutoka makumbusho, na mimi nikimpeleka mtu huwa tunaanzia kanisani kabla ya tiketi. Baada ya maonyesho kuwavutia watu wengi namna ile, ndo mwaka uliofuata ikafanywa makumbusho ya kudumu. Yaani mwanzo wake ni huo, huwezi kuutenganisha na vitu vilivyomo.

Ndani kuna korido ndefu yenye ukuta ulioandikwa majina ya Wabelgiji 1508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Wakongomani hawakuandikwa hata mmoja. Sasa msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, ameyaandika majina ya wale waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha yanayotazamana na ukuta huo, jua likiwaka vivuli vya majina yao vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Ukienda siku ya mawingu hutaona vizuri, chagua siku ya jua kama unaweza.

Kuna vitu vingapi mle?

Vifaa vya watu, yaani sanamu, vinyago, vyombo, silaha, vikapu, nguo, viko kama 120,000. Ukiongeza wadudu, samaki, ndege na wanyama inafika karibu milioni 10, kuna ghala zima la samaki kwenye chupa. Vinavyoonyeshwa ni sehemu ndogo sana, asilimia kubwa viko stoo.

Vyote viliibiwa?

Watu wanataka jibu la ndiyo au hapana, ila ukweli ni kwamba kila kitu kina njia yake. Vingine viliporwa vitani, vingine wamisionari walivichukua wakiwaambia watu waachane na ushetani, vingine vilinunuliwa lakini jiulize unamuuziaje mtu ambaye ana bunduki na wewe huna, vingine watafiti walivikusanya miaka ya 50 wakilipa bei ya kutupa. Na vingine kweli viliuzwa au vilitolewa zawadi kwa hiari, hata mafundi wengine walikuwa wanatengeneza vya kuwauzia wazungu.

Nitoe mifano miwili inayojulikana vizuri.

Wa kwanza unatuhusu sisi watu wa ziwa. Kulikuwa na Luteni Émile Storms wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kile alichokianzisha Leopold akisema ni cha kupinga utumwa na kufanya utafiti. Storms alikaa kwanza Karema, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, leo ni mkoa wa Katavi, ambako mwenzake Cambier alishajenga kituo 1879. Halafu 1883 akavuka ziwa akaanzisha kituo Mpala, upande wa Kongo. Huko akakutana na mtemi wa Watabwa aliyekuwa na nguvu, Lusinga lwa Ng'ombe. Lusinga hakuwa malaika, biashara ya watumwa alikuwa anaifanya na watu walimwogopa, ila Storms naye alitaka eneo liwe lake na Lusinga hakukubali kuinama. Desemba 1884 Storms akatuma askari, wakiwemo rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, wakamuua Lusinga, wakamkata kichwa, kijiji kikachomwa. Wakabeba sanamu ya mbao ya mababu wa Lusinga. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu na sanamu, akaiweka nyumbani kwake kama pambo, na baadae mjane wake akaitoa kwa makumbusho. Isimamie mbele uitazame vizuri, angalia nywele zilivyosukwa kwa utaratibu, angalia chale zilivyochongwa mwilini moja moja, fundi hakuharakisha. Kile kilikuwa kitu cha kuzungumza na waliotangulia, kikaishia sebuleni kwa yule aliyetuma watu wakamuue mwenye nacho.

Mfano wa pili ni wa pwani ya magharibi, Boma. Mfanyabiashara Mbelgiji, Alexandre Delcommune, mwaka 1878 aligombana na machifu wa pale na katika mapigano wakachukua nkisi, sanamu kubwa iliyojaa misumari na vyuma, iliyokuwa ya chifu Ne Kuko. Ne Kuko aliomba arudishiwe, Delcommune akakataa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema madai ya kurudisha ni mambo ya vijana wa mtandaoni wa juzi, mwambie Ne Kuko mwenyewe alidai wakati huohuo, wala makumbusho yenyewe ilikuwa haijajengwa bado.

Kuna vitu vya Tanzania au vya Waswahili?

Vipo, ila sio vingi kwa kulinganisha na Kongo. Vitu vya Tanzania vingi viko Ujerumani, hasa Berlin, sababu ya ukoloni wa Wajerumani, kule ni maelfu kwa maelfu. Tervuren utakuta zaidi vya makabila ambayo ziwa halikuwatenganisha, Watabwa, Wabembe, Waholoholo, hawa wana ndugu pande zote mbili. Rwanda na Burundi zipo pia sababu Wabelgiji walizichukua kwa Wajerumani 1916, na mwaka huohuo waliingia Kigoma na wakafika mpaka Tabora, wazee wa Kigoma habari za Wabelgiji bandarini wanazijua.

Kitu kingine cha kuangalia ni jinsi Waswahili na Waarabu walivyochorwa pale. Kuna sanamu ya Charles Samuel ya 1897 inayoonyesha Mwafrika akimkinga mwanamke dhidi ya Mwarabu. Hiyo ilikuwa propaganda ya vita vya 1892 mpaka 1894, Wabelgiji walipopigana na watu wa akina Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, kule Maniema, wakatangaza kwamba wao ni wakombozi. Biashara ya utumwa ilikuwepo kweli na iliumiza watu kweli, hilo halina ubishi. Lakini Leopold huyohuyo 1887 alimteua Tippu Tip kuwa gavana wake wa Stanley Falls, leo Kisangani. Hilo, sanamu haikuambii.

Mimi vinyago vinanichosha, kuna vitu vya kawaida vya nyumbani?

Hapa ndo mimi napenda zaidi, na naona wageni wengi wanapitwa sababu wanakimbilia vinyago.

Anza na mito ya kulalia ya Waluba. Ni ya mbao, midogo, unaegesha shingo tu kichwa kinabaki hewani. Mtu wa sasa anauliza unalalaje hapo, lakini ule msuko wa nywele ulichukua masaa mengi kuutengeneza na ulitakiwa ukae muda mrefu, kwa hiyo unaulinda usiku. Mafundi walikuwa wanachonga chini ya mto watu wawili wamekaa wameshikana, na wao wamesukwa nywele zilezile. Ukiinama ukaangalia pale juu panapokaa shingo utaona kwenye baadhi mbao imelainika na kung'aa kwa mafuta ya mwili, kuna mtu aliulalia miaka.

Halafu kuna nguo za rafia za Wakuba wa Kasai. Wanaume wanafuma kitambaa, wanawake ndo wanatia nakshi, wanapitisha uzi wa rafia katikati ya nyuzi za kitambaa kwa sindano, wanaukata kwa kisu kidogo, unabaki mwembamba umesimama kama mahameli. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miezi. Na ukikikazia macho utaona mchoro unaanza hivi, katikati unageuka, hausubiri kufanana na mwanzo wake, yule mama aliamua mwenyewe palepale.

Watu wa Lubumbashi wao wataitambua misalaba ya shaba bila kuuliza. Ilikuwa inayeyushwa Katanga karne nyingi kabla ya mzungu kufika, watafiti waliochimba makaburi ya zamani kule Sanga, kwenye bonde la Upemba, waliikuta imezikwa na watu. Ilikuwa hela, ilikuwa mahari pia. Tshombe, kiongozi wa Katanga, alipojitenga na Kongo 1960 aliiweka mitatu kwenye bendera ya Katanga. Kwa hiyo yeyote akikuambia madini ya Katanga yaligunduliwa na kampuni za Ulaya, mpeleke kwenye kabati la kioo la misalaba hiyo.

Na mtumbwi, huo hukosi. Uko kwenye njia ya chini ya ardhi unayoingilia, umechongwa kwenye gogo moja, urefu mita 22 na nusu. Watoto wanaupenda sana.

Mbona vibao havisemi nani alitengeneza?

Swali zuri na linaniuma. Waliokusanya waliandika kabila, kijiji wakati mwingine, na jina lao wenyewe waliokichukua. Jina la fundi hawakuuliza. Chini ya kazi ya mikono ya mtu mmoja mwenye kipaji unasoma tu Luba, au Songye, yaani kana kwamba kabila zima lilishika patasi.

Kuna fundi mmoja alikuwa na mkono wake wa pekee, nyuso ndefu za wazee, mashavu yameingia ndani, unaiona kazi yake mbali. Mtaalamu Frans Olbrechts, ambaye baadae alikuja kuwa mkurugenzi wa Tervuren, ndiye aliyezikusanya kazi hizo akaonyesha kwamba zinafanana, akauita mtindo wa Buli, kwa jina la kijiji cha kaskazini ya Katanga. Baadae likapatikana jina, Ngongo ya Chintu, ambalo watafiti wanalihusisha na kazi hizo. Tervuren wanayo sanamu yake ya mwanamke ameshika bakuli, itafute. Na ukifika sema jina la Ngongo ya Chintu kwa sauti kwa watoto ulionao, walisikie.

Zile sanamu za dhahabu za ukumbi wa mviringo, kwa nini hazijatolewa?

Makumbusho ilifungwa Desemba 2013 ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018. Wengi walitegemea zile sanamu za Arsène Matton zitatoka, ile moja inaitwa eti Ubelgiji inaleta ustaarabu Kongo, mzungu kasimama mkubwa, Mwafrika mtoto mdogo miguuni. Hazikutoka sababu jengo lote linalindwa kisheria kama urithi, na sanamu ziko ndani ya kuta. Wakamwita Aimé Mpane, msanii wa Kikongomani, akaweka katikati ya ukumbi kichwa kikubwa cha Mwafrika cha mbao, na baadae akaongeza fuvu la Lusinga la kuchonga likitazamana nacho. Pia wamening'iniza mapazia mepesi mbele ya zile sanamu yenye michoro ya kujibu.

Maoni yangu, kazi ya Mpane ni nzuri sana lakini haitoshi. Mtoto wa miaka nane akiingia anaona dhahabu kwanza. Maelezo inabidi umpe wewe.

Na ile sanamu ya mtu-chui?

Inaitwa Anioto, ni mtu aliyejivika kama chui anamvamia mwenzake, kazi ya Paul Wissaert ya 1913. Imeshushwa chumba cha chini pamoja na sanamu nyingine za zamani ambazo makumbusho yenyewe inasema hazina nafasi tena juu. Chéri Samba, mchoraji wa Kinshasa, alichora mwaka 2002 picha ya watu wanaivuta kwa kamba kuitoa nje huku wengine wanaivuta irudi, na mkurugenzi kasimama ngazini anaangalia. Usiondoke bila kuiona.

Nimesikia vitu vimesharudishwa, ni kweli?

Kidogo sana. Mobutu alidai mbele ya Umoja wa Mataifa 1973, na kati ya 1976 na 1982 vikarudi vitu 114 kutoka Tervuren. Kisha kimya kirefu.

Februari 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo listi ya vitu karibu 84,000 vya Tervuren. Juni 2022 Mfalme Philippe akaenda Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kile kikubwa chenye mashavu na kidevu vimevimba, akakikabidhi makumbusho ya taifa. Ila sikiliza, kilikabidhiwa kama mkopo usio na mwisho. Mkopo! Unamkopeshaje mtu kitu chake? Mwezi uliofuata, tarehe 3 Julai 2022, ikapita sheria inayoruhusu umiliki wenyewe kuhamishwa kwa vitu vya enzi za ukoloni, kwa makubaliano ya serikali na serikali, baada ya wataalamu wa pande zote kuchunguza jinsi vilivyopatikana. Ni hatua, siikatai. Lakini sheria hiyo imeacha nje mabaki ya binadamu na nyaraka, na kijiji hakiwezi kudai chenyewe, lazima kipitie serikali. Wasuku au Watabwa wanasemaje, njia yao iko wapi? Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kudai anajulikana.

Lakini vikirudi si vitaharibika au vitauzwa?

Hili naulizwa hata na Waafrika wenzangu. Ni kweli baadhi ya vitu vya makumbusho ya Kinshasa vilipotea kwenye vurugu za mwisho wa Mobutu vikaonekana kwenye soko la kimataifa. Basi jiulize nani alikuwa mnunuzi. Na hali ya leo sio ile, Kinshasa wana jengo jipya la makumbusho ya taifa lililofunguliwa 2019 kwa msaada wa Korea Kusini, Lubumbashi wana makumbusho tangu 1946. Shida za umeme na bajeti zipo, zinatatulika kwa hela na mafunzo, na Ubelgiji inadaiwa vyote viwili. Halafu kitu kikirudi kijijini wakakitumia kwenye matambiko mpaka kikachakaa, hiyo ni haki yao, kilitengenezwa kitumike.

Fuvu la Lusinga liko Tervuren?

Hapana, la mbao ndo liko pale. Fuvu lenyewe, pamoja na mafuvu ya watemi wengine wawili ambao Storms aliyachukua, liko Taasisi ya Sayansi Asilia katikati ya Brussels. Sanamu ya Storms iliyokuwa kwenye bustani moja ya Brussels iliondolewa 2022.

Mfupa wa Ishango je?

Nao uko kwenye taasisi hiyohiyo. Ni ule mfupa wenye mistari ya kuhesabia uliochimbuliwa 1950 pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, una miaka kama 20,000.

Kuna muziki?

Kuna chumba kizuri, ngoma, likembe, inanga za Rwanda na Burundi, na sauti unazisikiliza. Kwenye rekodi wamefanya kitu kimoja cha maana, wameipa Rwanda nakala za kidijitali za nyimbo za asili zaidi ya 4,000. Burundi na Kongo nao wanastahili kupewa zao kwa kasi hiyohiyo.

Niende siku gani, na nianzie wapi?

Jumatatu wamefunga. Bei ya tiketi angalia tovuti yao kabla, na ukisafiri na watoto nunua tiketi mapema hasa wikiendi maana shule na familia zinajaa kwa ajili ya tembo na twiga waliokaushwa. Anzia kanisani kwenye makaburi, kisha mtumbwi, kisha vitu vya nyumbani wakati bado una nguvu, vinyago na ile korido ya majina baadae, ukumbi wa dhahabu mwisho. Tenga nusu siku.

Sina viza, naonaje?

Tovuti yao ina sehemu ya makusanyo, unaandika jina la kabila au la mahali, picha zinatoka na mara nyingine jina la aliyekichukua na mwaka. Lugha ni Kifaransa, Kiholanzi au Kiingereza. Tafuta jina la kwenu kwa tahajia za zamani pia, kwa mfano Urua, Marungu, Tanganika, maana waliandika walivyosikia. Ukikuta kitu cha eneo lenu muonyeshe mzee picha umuulize kinaitwaje na kilikuwa cha nini, rekodi kwenye simu anavyoeleza, halafu waandikie makumbusho uwatumie hayo maelezo na jina la mzee kama amekubali, na uwaulize kilifikaje kwao.